Luxemburg au Malta: ulinganisho kwa anayefikiria kusoma au kufanya kazi katika nchi ndogo ya Ulaya

Zamani kijana akitaja Ulaya alimaanisha London, Paris au Berlin. Siku hizi maswali yamehamia kwenye nchi ndogo, na majina mawili ndiyo yanayojirudia: Luxemburg, kwa ajili ya mishahara yake, na Malta, kwa sababu huko Kiingereza kinatosha kuanzia maisha. Zote mbili zimo katika Umoja wa Ulaya, zinatumia euro na ziko ndani ya eneo la Schengen, la nchi zinazovukiana mipaka bila ukaguzi wa pasipoti, kwa hiyo kwa mtu aliyeko Dar es Salaam, Nairobi au Bujumbura zinaonekana kama kitu kimoja. Kumbe hata kwa umbo zimepishana mbali. Luxemburg ina kilomita za mraba 2,586 na wakazi wanaokaribia laki saba. Malta ina kilomita za mraba 316 tu, ndogo kuliko hata Pemba, lakini imebeba watu zaidi ya laki tano na nusu. Hakuna nchi ya Umoja wa Ulaya iliyosongamana kuliko hiyo.

Kawaida watu hulinganisha mshahara, kodi ya nyumba na baridi. Nitayafikia. Lakini swali ninalolitanguliza ni hili: nchi hiyo imeishi kwa kupokea watu au kwa kupeleka watu nje? Sheria, ofisi na mazoea anayoyakuta mgeni hayakutungwa juzi kwa ajili yake. Yamejengeka kidogo kidogo kwa miaka mingi. Luxemburg imekuwa ikitegemea nguvu ya wageni tangu mwishoni mwa karne ya 19. Malta, mpaka miaka ya karibuni sana, ilikuwa nchi ya watu kuondoka. Tofauti hiyo utakutana nayo kwenye kibali chako cha kazi, kwa mwajiri wako na kwa mwenye nyumba wako, hata kama hutafungua kitabu chochote cha historia.

Luxemburg: ngome, chuma, benki

Habari ya Luxemburg huanzia mwaka 963, pale mtawala aitwaye Siegfried alipojipatia kilima cha mawe juu ya mto Alzette na kukifanya makao yenye ngome. Mahali penyewe palikuwa pazuri mno kwa vita, na hilo ndilo lililoiponza nchi: kwa karne nyingi ngome ile ilishikwa kwa zamu na Waburgundi, Wahispania, Wafaransa, Waaustria na Waprussia. Mkutano wa Vienna wa 1815 uliifanya kuwa dola ya Duki Mkuu, ila cheo hicho akapewa mfalme wa Uholanzi. Mwaka 1839 zaidi ya nusu ya ardhi yake ilikatwa ikapewa Ubelgiji, na mpaka leo Ubelgiji ina jimbo liitwalo Luxembourg. Mwaka 1867 mataifa makubwa yalikubaliana London kwamba nchi hii isiegemee upande wowote na ngome yake ibomolewe. Mwaka 1890 mfalme wa Uholanzi alifariki bila mrithi wa kiume, nayo Luxemburg ikapata ukoo wake wenyewe wa kutawala.

Wakati huo ilikuwa nchi ya wakulima maskini. Makumi ya maelfu ya watu wake walikuwa wameshahamia Marekani. Kilichoigeuza ni udongo mwekundu wa kusini, eneo linaloitwa Minett. Udongo ule una chuma, lakini una fosforasi nyingi iliyofanya chuma chake kiwe hafifu. Mwaka 1879 viwanda vya huko vilipata haki ya kutumia mbinu mpya kutoka Uingereza ya kuiondoa fosforasi hiyo, na hapo matanuri yakaota kila mahali. Hata takataka zake zilikuwa na faida, maana mabaki yenye fosforasi yalisagwa yakawa mbolea ya mashamba duni ya kaskazini. Mwaka 1911 ikaundwa kampuni ya ARBED, iliyokuwa mhimili wa uchumi kwa miongo mingi. Leo ni sehemu ya ArcelorMittal, ambayo makao yake makuu yako huko huko.

Mikono ya kufanya kazi hiyo haikutosha. Wakaja Waitaliano kuanzia miaka ya 1890, kisha Wareno, hasa baada ya mkataba wa mwaka 1970 kati ya Luxemburg na Ureno. Pamoja na Wareno walikuja watu wa Cabo Verde, waliokuwa bado wana pasipoti za Kireno. Kwa hiyo Mwafrika mweusi si sura ngeni Luxemburg. Wapo wazee wa Kicabo Verde waliozeeka kwenye mitaa ya Esch-sur-Alzette na Ettelbruck, na wajukuu wao ni raia. Kuna uzi mwingine pia, ambao wasomaji wetu wa Kongo wanastahili kuujua. Raia wa Luxemburg walifanya kazi katika Kongo ya Wabelgiji, kwenye reli, migodi na ofisi za utawala, na mwaka 2022 makumbusho ya taifa jijini Luxembourg iliandaa maonyesho yanayoikabili historia hiyo waziwazi.

Miaka ya 1970 chuma kikayumba kote Ulaya. Hapa ndipo ninapoiheshimu Luxemburg. Serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi walikaa meza moja, wakapunguza watu viwandani taratibu bila kuwatupa, na mfumo huo wa pande tatu unatumika hadi leo kila uchumi ukitikisika. Tanuri la mwisho lilizimwa Belval mwaka 1997. Ukifika Belval leo utaona matanuri mawili yamesimama yakiwa na kutu, mabomba yake yamejipinda juu ya vichwa vya wanafunzi. Chuo Kikuu cha Luxembourg, kilichoanzishwa 2003, kimejengwa katikati ya kiwanda hicho, na maktaba yake imo ndani ya jengo refu lililokuwa ghala la malighafi za kulishia matanuri. Wanafunzi wanasomea mahali ambapo Waitaliano na Wareno walisukuma mawe ya chuma.

Malta: visiwa vya bandari

Malta ni ya kale kuliko Luxemburg kwa namna ambayo haiwezi hata kulinganishwa. Mahekalu ya mawe ya Ġgantija, kisiwani Gozo, yalijengwa zaidi ya miaka 5,500 iliyopita. Wafoinike walipita, Warumi walipita, na mwaka 870 Waarabu waliiteka na kuacha lugha. Kimalta cha leo ni lugha ya ukoo wa Kiarabu iliyojaa maneno ya Kiitalia na inaandikwa kwa herufi za Kilatini. Mtu wa pwani akisikiliza watu wakihesabu sokoni, sita, saba na tisa hazitampita. Wakristo wa Kinormani walikuja 1091. Mwaka 1530 mfalme Charles wa Tano aliwakabidhi visiwa hivi wapiganaji wa Shirika la Mtakatifu Yohane kwa malipo ya kipanga mmoja kila mwaka. Mwaka 1565 walistahimili mzingiro mkubwa wa Waosmani, na mwaka uliofuata wakaanza kujenga Valletta, mji wa mawe ya rangi ya asali ambao mpaka leo ndio makao makuu.

Napoleon aliwafukuza wapiganaji hao 1798, Waingereza wakawatoa Wafaransa 1800, na hapo Malta ikaingia kwenye himaya ile ile iliyokuja kututawala sisi Kenya, Zanzibar na Tanganyika. Mfereji wa Suez ulipofunguliwa 1869, bandari yake ikawa kituo cha makaa ya mawe kwa meli zinazoelekea India na mashariki. Nchi nzima ililishwa na kambi ya wanamaji na karakana za kutengeneza meli. Katika Vita Vikuu vya Pili ilipigwa mabomu vibaya sana, na Aprili 1942 mfalme wa Uingereza aliwatunuku wananchi wote nishani ya George Cross, ambayo bado iko kwenye bendera yao.

Baada ya vita kambi ikaanza kupungua, na ajira nazo. Kati ya 1945 na miaka ya 1970 zaidi ya watu laki moja waliondoka kwenda Australia, Uingereza na Canada, kutoka nchi iliyokuwa na watu laki tatu hivi. Kulikuwa na watoto waliopelekwa Australia bila wazazi wao, na gatini Valletta kuna ukumbusho wao. Mwaka 1956 Wamalta walipiga kura ya maoni kama waungane kabisa na Uingereza. Wengi wa waliopiga walikubali, lakini wengine wengi waliisusia na mpango ukafa. Uhuru ulikuja 21 Septemba 1964, jamhuri 1974, na askari wa mwisho wa Kiingereza waliondoka 31 Machi 1979, enzi za waziri mkuu Dom Mintoff. Tarehe hiyo huko inaadhimishwa kama siku ya ukombozi.

Malta iliingia Umoja wa Ulaya 2004 na euro 2008. Ndipo wimbi likageuka. Sensa ya 2011 ilikuta wageni ni asilimia 5 hivi ya wakazi. Ya 2021 ikakuta ni zaidi ya mtu mmoja kati ya watano. Miaka kumi tu. Taifa ambalo kila familia ina shangazi Melbourne limejikuta ghafla lina Wahindi, Wanepali, Wafilipino, Wakolombia na Waafrika kwenye kila jiko la mgahawa na kila jengo linaloinuka. Sisemi hivi kwa kuwalaumu. Nasema ili ujue kwamba taratibu nyingi utakazozikuta zilitungwa haraka haraka, na bado zinabadilishwa.

Nani anatawala, na wewe una sauti gani

Luxemburg ndiyo nchi pekee duniani inayoongozwa na Duki Mkuu. Duki Mkuu Henri alimwachia kiti mwanawe Guillaume tarehe 3 Oktoba 2025. Madaraka halisi yako kwa serikali na Bunge la wabunge 60. Mwaka 2008 Henri alikataa kuidhinisha sheria ya kumruhusu mgonjwa asiye na tumaini kusaidiwa kufa; badala ya mgogoro mrefu, Bunge lilibadili katiba na kumwondolea uwezo wa kuidhinisha sheria. Baada ya hapo alitawala miaka mingine kumi na saba kwa amani.

Malta ni jamhuri yenye rais asiye na makali na waziri mkuu mwenye makali yote. Siasa ni ya vyama viwili, Labour na Nationalist, na mtu huzaliwa ndani ya chama karibu kama anavyozaliwa ndani ya dini. Upigaji kura wao unavutia: kila jimbo lina viti vitano, nawe unawapanga wagombea kwa namba, 1, 2, 3, kadiri unavyowapenda. Siku ya kuhesabu kura, mawakala wa vyama hujibana kwenye ukuta mwepesi wa plastiki angavu katika ukumbi wa Naxxar, wakikodolea macho kila karatasi inayopita. Mahudhurio huzidi asilimia 80 bila mtu kulazimishwa. Luxemburg nako unaweza kugawa kura zako kwa watu wa vyama tofauti: mpigakura wa kusini ana kura 23 mkononi, kwa sababu jimbo lake lina viti 23. Huko kupiga kura ni lazima.

Sasa wewe mgeni. Luxemburg, tangu uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2023, mkazi yeyote mtu mzima anaweza kujiandikisha na kupiga kura ya manispaa, awe anatoka Lisbon au Lubumbashi, bila kusubiri miaka. Zaidi ya hapo, kuna Baraza la Wafanyakazi linalochaguliwa kila baada ya miaka mitano, na kila mwajiriwa ana kura, hata anayelala Ufaransa au Ujerumani na kuvuka mpaka kila asubuhi. Ukarimu huo una mpaka wake. Juni 2015 wananchi waliulizwa kama wageni waruhusiwe kupiga kura ya Bunge, na asilimia 78 walikataa. Malta, mtu wa nje ya Umoja wa Ulaya kwa kawaida hana kura hata ya mtaa.

Kwenye uraia tofauti ni ile ile. Sheria ya Luxemburg ya 2017 inasema wazi: miaka mitano ya ukaazi, mtihani wa kusema na kusikia Kiluxemburg, na mafunzo ya uraia. Malta inamwachia waziri hiari kubwa, kwa hiyo mtu anaweza kukaa miaka mingi bila kujua atapata au la. Wakati huo huo, kuanzia 2014, Malta ilikuwa ikiwapa uraia matajiri waliowekeza fedha, mpaka Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilipoukataa mpango huo 29 Aprili 2025. Hilo liliniudhi kwa muda mrefu, na sioni sababu ya kulificha: mpishi wa Kiafrika aliyelipa kodi miaka kumi hana uhakika, mwenye mamilioni alikuwa na njia yake.

Fedha zinatoka wapi

Zote mbili hazina mafuta wala dhahabu, na zote ziligundua kwamba nchi ndogo inaweza kuuza sheria zake. Luxemburg ilianza mapema: sheria ya kampuni mama ya 1929, kisha dhamana za kwanza za Ulaya, yaani hati za mikopo, zilizoorodheshwa kwenye soko lake la hisa 1963, kisha mwaka 1988 ikawa ya kwanza kuingiza kwenye sheria zake kanuni za Ulaya za mifuko ya uwekezaji. Leo mifuko iliyosajiliwa huko inashika zaidi ya euro trilioni 5, ya pili duniani baada ya Marekani. Sekta ya fedha inazalisha karibu robo ya pato la taifa. Iko pia kampuni ya setilaiti ya SES, iliyoanzishwa 1985, na taasisi za Umoja wa Ulaya kwenye mlima wa Kirchberg, ikiwemo mahakama niliyoitaja. Kwa mhasibu, mkaguzi wa hesabu, mtaalamu wa kompyuta au mwanasheria, hiyo ni ajira halisi.

Malta inaishi kwa watalii, waliozidi milioni 3.5 mwaka 2024, kwa kampuni za kamari za mtandaoni zilizovutwa na sheria yake ya 2004, na kwa kodi ya kampuni iliyoandikwa asilimia 35 lakini ambayo, baada ya marejesho kwa wanahisa, inaweza kushuka hadi 5. Kisha kuna ujenzi, ujenzi, ujenzi.

Zote mbili zimepata fedheha. Luxemburg, nyaraka zilizovuja 2014 zilionyesha jinsi kampuni kubwa za dunia zilivyopangiwa kodi ndogo mno. Waliozivujisha walishtakiwa, na mmoja wao, Raphaël Halet, alishinda katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu 2023. Ya Malta ni nzito zaidi. Tarehe 16 Oktoba 2017 mwandishi Daphne Caruana Galizia, aliyekuwa akifichua rushwa ya wakubwa, aliuawa kwa bomu lililotegwa ndani ya gari lake. Tume ya uchunguzi ya 2021 ilisema dola inabeba lawama kwa kujenga mazingira ya watu kutoogopa sheria. Mwaka huo huo Malta iliwekwa kwenye orodha ya kijivu ya nchi zenye udhaifu dhidi ya utakatishaji fedha, ikatolewa 2022.

Hili linamgusa hata fundi wa matofali. Desemba 2022 jengo lililokuwa likijengwa eneo la Corradino liliporomoka na kumuua kijana wa miaka 20. Serikali ilisita kuunda tume huru mpaka mama wa marehemu na umma walipoishinikiza, na ripoti iliyotoka 2024 ilionyesha usimamizi uliooza. Ukiahidiwa kazi ya ujenzi Malta, uliza bima, uliza mafunzo ya usalama, uliza jina la mkandarasi, kabla hujauliza mshahara.

Mshahara, nyumba, lugha

Mwaka 2025 kima cha chini Luxemburg kilikuwa zaidi ya euro 2,600 kwa mwezi kabla ya makato. Malta kilikuwa euro 221.78 kwa wiki, yaani kama 960 kwa mwezi. Luxemburg kuna kanuni nyingine ninayoipenda: bei za bidhaa zikipanda kwa asilimia 2.5, mishahara na pensheni zote hupandishwa kwa kiwango hicho hicho, kwa sheria, bila mtu kumwomba bosi wake. Malta pia ina nyongeza ya kila mwaka ya gharama za maisha, lakini ni kiasi kimoja kwa wote na ni kidogo.

Usikimbilie hesabu. Nyumba Luxemburg zinatisha; chumba kimoja tu jijini kinaweza kumeza sehemu kubwa ya posho ya mwanafunzi. Zaidi ya wafanyakazi laki mbili wanaishi Thionville, Arlon, Trier na vijiji vya jirani na kuvuka mpaka kila siku. Watu wetu wengi hapa hukwama: kibali cha ukaazi cha Luxemburg hakikupi ruhusa ya kuishi Ubelgiji au Ufaransa. Ukitaka kulala Arlon lazima Ubelgiji yenyewe ikupe ukaazi. Kwa Mkongo mwenye karatasi za Ubelgiji, kwa upande mwingine, Luxemburg ni soko la kazi lililo mlangoni pake, na nashangaa kwamba wengi walioko Liège na Bruxelles hawalitazami.

Malta nako kodi za nyumba zimepanda kwa kasi kuliko mishahara ya chini, na kilichozoeleka kwa wageni ni kulala watu kadhaa chumba kimoja. Usafiri nchi zote mbili haukutozi: Luxemburg treni, basi na tramu ni bure kwa kila mtu tangu 2020, Malta basi ni bure kwa mkazi mwenye kadi tangu 2022, ingawa foleni za magari zitakufundisha subira.

Lugha ndiyo kizingiti kikubwa. Malta utafika leo na kesho utaelewana na kila mtu, ofisini na hospitalini. Watoto wako watasoma kwa Kiingereza na Kimalta. Luxemburg ina lugha tatu za kisheria, Kiluxemburg, Kifaransa na Kijerumani. Benki na ofisi za ukaguzi wa hesabu hutumia sana Kiingereza, lakini dukani, hospitalini na kwenye ofisi za serikali ni Kifaransa, na shule za msingi za umma kwa desturi zimekuwa zikifundisha watoto kusoma kwa Kijerumani. Kwa mtu wa Bukavu au Bujumbura hilo ni nusu ya safari ameshaimaliza. Kwa mtu wa Tanga ni kazi ya mwaka mzima kabla ya kufunga begi.

Kuhusu karatasi: Luxemburg, mtu wa nje ya Umoja wa Ulaya anayekwenda kukaa lazima apate idhini ya ukaazi kabla hajaingia nchini. Anayekuambia nenda kwa viza ya utalii utabadilisha huko huko anakudanganya. Tangu 2023 kuna orodha ya kazi zenye uhaba mkubwa wa watu ambazo mwajiri hupata kibali cha kuajiri mgeni kwa urahisi zaidi. Malta kibali kimoja huunganisha kazi na ukaazi na kumfunga mtu kwa mwajiri mmoja. Kazi ikiisha, saa inaanza kugonga. Sheria zilikazwa tena 2025, ada zikapanda.

Rangi ya ngozi

Hapa nadharia yangu ya nchi inayopokea na nchi inayopeleka inapata mkwaruzo, na ni haki kuuonyesha. Mwaka 2018 Shirika la Haki za Msingi la Umoja wa Ulaya lilichapisha utafiti wa watu wenye asili ya Afrika katika nchi 12. Waliosema wamebughudhiwa kwa sababu ya rangi katika miaka mitano iliyotangulia walikuwa asilimia 52 Luxemburg, ya pili kwa ukubwa baada ya Finland. Malta walikuwa asilimia 20, kiwango cha chini kuliko nchi zote. Lakini miezi michache baadaye, Aprili 2019, mhamiaji kutoka Ivory Coast alipigwa risasi na kufa barabarani Ħal Far, na walioshtakiwa ni askari wawili wa jeshi la Malta.

Mimi nazisoma habari hizi hivi: Luxemburg Mwafrika anashindania kazi na nyumba zile zile na wengine, kwa hiyo kukataliwa kunamkuta mara nyingi, na anajua haki zake vya kutosha kulisema jambo hilo. Malta wengi wa waliohojiwa walikuwa wapya, wakiishi pembeni. Hiyo ni tafsiri yangu. Takwimu zenyewe uende nazo.

Ningekushauri nini

Kama unakwenda kusoma shahada ya pili au ya uzamivu, hasa fedha, sheria, kompyuta au sayansi, chagua Luxemburg. Ada za kozi nyingi za chuo kikuu ni mia chache za euro kwa muhula hata kwa mtu wa nje ya Ulaya, wakati Chuo Kikuu cha Malta, chenye mizizi ya 1592 na heshima yake, hutoza wasio raia wa Umoja wa Ulaya maelfu. Tatizo lako litakuwa chumba. Omba nafasi ya bweni la chuo siku ile ile unayopata barua ya kukubaliwa.

Kama una familia na unataka kukita mizizi, Luxemburg tena, kwa sababu njia ya kutoka kibali hadi uraia imeandikwa na inafuatika.

Kama una Kiingereza tu, una ujuzi wa hoteli, uuguzi au kamari za mtandaoni, na unatafuta uzoefu wa miaka miwili mitatu wa kazi ya Ulaya, Malta inafaa. Iende ukiwa na mkataba wa moja kwa moja na mwajiri anayejulikana, usipitie wakala anayedai fedha kabla. Wauguzi na watu wa kompyuta wanaishi vizuri huko. Ninayemwonea shaka ni yule anayeuza shamba la urithi ili akasambaze vyakula kwa pikipiki: kipato chake kinakatwa na wakala, kodi ya nyumba inachukua kilichobaki, na kibali kiko mikononi mwa mtu mwingine. Huyo nitamwambia asubiri.

Na kama umeamua Luxemburg lakini huna Kifaransa, usingoje viza. Alliance Française, taasisi inayofundisha Kifaransa, ipo Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa. Fika angalau ngazi ya B1, yaani ya kati, kabla ya kutuma maombi ya kazi, na barua yako ya maombi iandike kwa Kifaransa hata kama tangazo limeandikwa kwa Kiingereza.